Vyuo Vikuu vya Ulaya Vimfungulie Mfanyakazi Mlango wa Mbele

Kama ahadi zingekuwa madarasa, hapana mfanyakazi hata mmoja wa Ulaya ambaye leo angekosa nafasi ya kusoma chuo kikuu. Tangu mwaka 1996, ambao Umoja wa Ulaya uliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Maisha Yote, mawaziri, wakuu wa vyuo na wataalamu hawajachoka kukutana, leo katika mji huu na kesho katika mji ule, wakitoa tamko juu ya tamko kwamba elimu haina mwisho na kwamba mtu mzima aliye kazini ana haki ya kujiendeleza sawa na kijana aliyemaliza sekondari jana. Matamko hayo yameandikwa kwa lugha nzuri na yamepigiwa makofi. Kisha mawaziri wamerudi makwao. Na muuguzi wa miaka arobaini, mwenye watoto wawili na zamu ya usiku, ameukuta mlango wa chuo kikuu pale pale ulipokuwa. Ratiba ni ya mchana, ada haimudu, na mpokeaji wa maombi anamdai cheti cha sekondari cha miaka ishirini iliyopita badala ya kumwuliza anajua nini.

Makala haya yanakusudia kusema jambo moja, na kulisema bila kuzunguka. Tatizo la Ulaya katika suala hili si upungufu wa mipango, wala si upungufu wa fedha peke yake. Tatizo ni kwamba vyuo vikuu vingi vimeipokea elimu ya wafanyakazi kama biashara ya uani, wala havijaipokea kama sehemu ya kazi yao halisi. Hali hiyo haitabadilika mpaka mfanyakazi ahakikishiwe mambo matatu kwa sheria: muda wa kusoma bila kupoteza riziki yake, gharama isiyobebwa na yeye peke yake, na kuthaminiwa kwa ujuzi alioupata kazini.

Msomaji aliyeko ofisini Dodoma au darasani Tabora anaweza kuuliza: ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu mawazo ya elimu ya watu wazima yamesafiri kutoka huko hadi kwetu kwa muda mrefu. Chuo cha Kivukoni kilipofunguliwa mwaka 1961 kilifuata mfano wa Chuo cha Ruskin, kilichoanzishwa mjini Oxford mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao milango ya vyuo vya matajiri ilikuwa imefungwa mbele yao. Hivi leo wako watumishi wa serikali na walimu wetu wanaosomea shahada katika vyuo vya Ulaya bila kuondoka nyumbani. Hatuwezi, basi, kujifanya kwamba moshi wa jirani hautufikii.

Kipimo kilichobadilishwa

Tuanze na hesabu, maana hesabu haijui kubembeleza. Mwaka 1999 mawaziri wa nchi 29 walitia saini Tamko la Bologna, katika mji wenye chuo kikuu kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote barani Ulaya. Shabaha yao ilikuwa kuziweka shahada za nchi zao katika mfumo mmoja unaoeleweka na wote. Walipokutana tena mjini Prague mwaka 2001, walikiri kwamba elimu ya maisha yote ni sehemu ya lazima ya mfumo huo. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukajiwekea lengo: ifikapo mwaka 2010, asilimia 12.5 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wawe wanashiriki katika masomo au mafunzo. Kipimo kilikuwa swali jepesi: je, katika wiki nne zilizopita umehudhuria mafunzo yoyote?

Mwaka 2010 ulifika, na hawakutimiza hata asilimia 10. Badala ya kukaa chini na kujiuliza sababu, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kulipandisha lengo: asilimia 15 ifikapo mwaka 2020. Hata mwaka 2019, kabla ugonjwa wa Uviko-19 haujavuruga kila kitu, hesabu ilikuwa haijafika asilimia 12.

Ndipo likafuata jambo la kustaajabisha. Mwaka 2021, katika mkutano wa Porto nchini Ureno, lilikubaliwa lengo la asilimia 60 ya watu wazima kushiriki mafunzo kila mwaka ifikapo mwaka 2030. Msomaji mwepesi atasema: maendeleo makubwa yaliyoje! Lakini kipimo si kile cha zamani. Sasa mtu haulizwi habari za wiki nne, anaulizwa habari za miezi 12. Aliyehudhuria semina ya siku moja mwezi Machi anahesabiwa mwezi Desemba kuwa amejiendeleza. Wataalamu wa takwimu wana sababu zao. Wanasema wiki nne ni muda mfupi mno, na katika hilo hawakukosea. Hata hivyo mkulima aliyeshindwa kulijaza debe, akaenda kutafuta kibaba, asije akatangaza kijijini kwamba mavuno ya mwaka huu yamezidi. Na hata kwa kibaba hicho, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta watu wazima waliopata mafunzo kwa mwaka ni takriban asilimia 40 tu.

Je, hao 40 ni akina nani? Hapa ndipo penye kiini cha shutuma yetu. Katika Umoja wa Ulaya mtu mzima mwenye elimu ya chuo kikuu hushiriki mafunzo zaidi ya mara mbili kuliko yule aliyeishia madarasa ya chini. Yaani elimu ya maisha yote, iliyoahidiwa kuwa daraja la kumvusha aliyeachwa nyuma, imegeuka kuwa ngazi ya kumpandisha juu zaidi aliye juu tayari. Mhandisi anaongezewa uhandisi, meneja anaongezewa umeneja, na mfagiaji wa hospitali anaongezewa zamu.

Chuo kilichojengwa kwa ajili ya kijana

Kwa nini imekuwa hivyo? Jibu limo katika umbo la chuo kikuu chenyewe. Chuo kikuu cha Ulaya kimejengwa kwa ajili ya kijana wa miaka kumi na minane asiye na mke wala mume, asiye na mtoto wala kodi ya nyumba. Mfumo wa Bologna, pamoja na sifa zake zote, haukulibadili umbo hilo. Uliliandika upya kwa tarakimu. Mwaka mmoja wa masomo unahesabiwa kuwa na krediti 60, na krediti hizo ni sawa na saa 1,500 hadi 1,800 za jasho la mwanafunzi. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, kwa muda wa wiki 40, amekwisha kufanya saa 1,600. Kwa maneno mengine, mwaka wa chuo ni sawa na mwaka mzima wa kazi ya mshahara. Mfanyakazi anayetaka kusoma kama kijana anasoma, basi atafute siku yenye saa nyingine ishirini na nne!

Tutaambiwa kwamba anaweza kusoma kidogo kidogo. Ni kweli, anaweza, lakini tuangalie jinsi hicho kidogo kidogo kinavyothaminiwa. Tangu mwaka 2016 muuguzi wa Uingereza anatakiwa athibitishe kila baada ya miaka mitatu kwamba ametumia angalau saa 35 katika kujiendeleza kikazi, la sivyo hawezi kuendelea kuandikishwa kuwa muuguzi. Mwalimu wa Scotland, kwa makubaliano ya mwaka 2001, anatakiwa atumie saa 35 kila mwaka kwa shughuli hiyo. Sisi walimu na watumishi tunaojua maana ya semina za likizo tutaielewa hesabu hii haraka: mwalimu aliyefundisha miaka 20 amekusanya saa 700, ambazo zinakaribia nusu ya mwaka mzima wa chuo kikuu. Lakini akienda chuoni na saa zake 700, mara nyingi ataambiwa kwamba hazina krediti. Ziliandaliwa na mwajiri, zikatolewa na wakala, zikatiwa sahihi na mkaguzi. Chuo kikuu hakikushirikishwa, na kwa hiyo hakizitambui. Dola inamlazimisha mtu ajifunze, kisha chuo cha dola hiyo hiyo kinakataa kukiri kwamba amejifunza.

Hili ndilo tunaloliita kutenganisha mafunzo ya kazi na elimu ya juu. Upande huu kuna shahada, yenye heshima, joho na picha ukutani. Upande ule kuna kozi, yenye karatasi na chai ya saa nne. Kati ya pande hizo mbili hapana ngazi.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha pendekezo kuhusu vyeti vidogo, yaani vyeti vya kozi fupi vinavyoeleza mtu amejifunza nini, kwa saa ngapi na kwa kiwango gani. Sisi hatuna ugomvi na vyeti vidogo. Kozi ya wiki sita ikimsaidia fundi kuelewa mtambo mpya, ni kheri. Tunalolipinga ni kumpa mfanyakazi matofali bila kumruhusu kujenga. Cheti kidogo kisichoweza kuunganishwa na kingine hadi kufikia shahada ni njia ya heshima ya kumwambia mtu abaki alipo. Na ikiwa kila chuo kitauza vyeti vyake kwa bei yake na kukataa vya jirani yake, basi tutakuwa tumefungua gulio, na gulio halijawahi kuitwa chuo kikuu.

Kisingizio cha viwango

Watetezi wa hali ilivyo wana hoja mbili kubwa. Ya kwanza ni hoja ya viwango. Wanasema: mkiwaingiza watu wasio na vyeti vya sekondari, au mkithamini ujuzi wa karakana sawa na ujuzi wa darasani, shahada itashuka thamani. Hoja hii ina umri mkubwa, na kila ilipojaribiwa imeshindwa.

Uingereza ilipokitoa Chuo Kikuu Huria katika karatasi na kukipa hati ya kifalme mwaka 1969, wako waliokicheka. Wazo lake lilikuwa limetangazwa na Harold Wilson mwaka 1963, na Waziri Jennie Lee ndiye aliyelisimamia kwa ukakamavu likawa chuo cha kweli. Chuo hicho hakikudai cheti chochote cha kuingilia. Mwaka 1971 kiliwapokea wanafunzi wake wa kwanza, zaidi ya 20,000, wengi wao wakiwa watu wazima waliokuwa wakisoma alfajiri na usiku kwa msaada wa redio, televisheni na posta. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana. Mtihani wa kutokea haukulegezwa. Katika miaka iliyofuata kimefundisha watu zaidi ya milioni mbili, na hapana mtu mwenye akili timamu anayesema leo kwamba shahada yake ni ya bandia. Nchi nyingi zimekifuata, ikiwa ni pamoja na Tanzania, ambayo ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake kwa sheria ya mwaka 1992.

Sweden nayo, katika mageuzi yake ya mwaka 1977, ilikubali kwamba mtu aliyefikisha umri wa miaka 25 na kufanya kazi miaka minne alikuwa na sifa ya jumla ya kuomba chuo kikuu hata kama hakuwa na cheti cha sekondari. Kanuni hiyo baadaye ilifutwa, lakini vyuo vya Sweden havikuporomoka ilipokuwapo. Tangu mwaka 2006 Ureno inawapa watu waliozidi miaka 23 njia yao maalumu ya kuingia vyuoni. Finland inaruhusu mtu yeyote, bila kujali alisoma hadi wapi, kuchukua masomo ya chuo kikuu katika mpango wa huria, na masomo hayo yanahesabiwa akiingia shahada.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi kuliko wote, angalau katika karatasi. Sheria ya mwaka 2002 ilimpa mtu aliyefanya kazi kwa miaka mitatu haki ya kwenda mbele ya jopo, akaeleza na kuthibitisha aliyojifunza kazini, na jopo likiridhika limpe shahada nzima bila ya kukaa darasani. Hapa ujuzi ndio unaopimwa, wala si idadi ya miaka ya kukalia dawati. Basi, imekuwaje? Wanaopata shahada za vyuo kwa njia hiyo ni maelfu machache tu kwa mwaka, katika nchi ambayo vyuo vikuu vyake vina wanafunzi zaidi ya milioni moja na nusu. Mwombaji anatakiwa aandike jalada nene kwa lugha ya kisomi, akieleza kila alilolitenda na nadharia iliyo nyuma yake. Fundi aliyeunda madaraja maisha yake yote anashindwa, si kwa sababu hajui madaraja, bali kwa sababu hajui kuandika kuhusu madaraja jinsi maprofesa wanavyopenda. Haki ipo, lakini hapana mtu aliyelipwa kumshika mkono mwenye haki hiyo.

Ufaransa hiyo hiyo ina kisa kingine kinachofaa kukumbukwa. Baada ya machafuko ya Mei 1968, ilifungua chuo kikuu katika msitu wa Vincennes, kando ya Paris, na kuwakaribisha wafanyakazi na watu wasio na cheti cha sekondari. Masomo yaliendelea hadi usiku ili mtu aje akitoka kazini. Kilikuwa na vurugu zake, na si kila kilichofundishwa humo kilikuwa dhahabu. Lakini watu walijaa, na kujaa huko kulionyesha kiu iliyokuwapo. Mwaka 1980 chuo hicho kilihamishiwa Saint-Denis, na majengo ya Vincennes yakabomolewa. Wakubwa hawapendi kukumbushwa kwamba kiu ile ilikuwapo, maana ikikumbukwa watatakiwa kuleta maji.

Kila mtu na mkoba wake

Hoja ya pili ni ya fedha. Wanasema: anayenufaika na elimu ni msomaji mwenyewe, basi alipe yeye. Hoja hii inavutia mpaka mtu aione ikifanya kazi.

Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2008, serikali iliacha kutoa ruzuku kwa wanafunzi wengi waliokuwa wakisomea sifa ya kiwango sawa na ile waliyokuwa nayo tayari, au ya chini yake. Maana yake ni kwamba mwenye shahada ya historia aliyetaka kubadili kazi na kusomea fani nyingine aliambiwa, kwa jumla, kwamba zamu yake imekwisha. Mwaka 2012 ada zikapandishwa mno. Kijana wa miaka kumi na minane alikopa akaendelea. Mtu mzima, mwenye deni la nyumba na watoto wa kusomesha, alitazama karatasi ya mkopo akaikunja. Katika muda wa miaka michache idadi ya watu wanaosomea shahada za kwanza huku wakifanya kazi ilipungua kwa zaidi ya nusu nchini humo. Hapakuwa na sheria iliyowafukuza. Walifukuzwa na bei.

Sasa serikali ya huko imekuja na mpango wa kumpa kila mtu haki ya kukopa fedha zinazotosha masomo ya miaka minne, azitumie hata kwa moduli moja moja, mpaka afikapo umri wa miaka 60. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2023. Mpango huo ulikuwa uanze mwaka 2025. Ukaahirishwa hadi Januari 2027. Kugawanya masomo katika vipande ni jambo zuri. Lakini tusidanganyike na jina: kile kinachoitwa haki ni deni. Mtu wa miaka 45 aliyepunguzwa kazini kwa sababu ya mtambo mpya hakosi ruhusa ya kukopa. Anakosa mshahara.

Ufaransa ilianza vizuri zaidi. Sheria ya mwaka 1971, iliyosukumwa na Jacques Delors, iliwalazimisha waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi kutenga sehemu ya jumla ya mishahara kwa ajili ya mafunzo. Msingi wake ulikuwa wa haki: anayefaidi ujuzi wa mfanyakazi achangie kuupata. Miaka iliyofuata, hata hivyo, mkazo ulihama kutoka wajibu wa pamoja kwenda kwenye akaunti ya mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka 2019 mfanyakazi wa Ufaransa anawekewa Yuro 500 kwa mwaka, hadi kikomo cha 5,000, na asiye na ujuzi anawekewa 800 kwa mwaka, hadi 8,000. Anafungua simu yake, anachagua kozi kama mtu anayechagua viatu. Mwaka 2024 akaongezewa sharti la kuchangia Yuro 100 kutoka mfukoni. Fedha hizo si haba, wala hatuzibezi. Lakini shahada hainunuliwi kwa Yuro 500 za mwaka, na soko la simuni halimpi mtu mshauri wala jioni ya kupumzika. Mfanyakazi amegeuzwa mteja, na mteja asipofanikiwa huambiwa kwamba alichagua vibaya.

Muda ndio ufunguo

Tumeeleza habari za cheti na habari za fedha. Limebaki lile ambalo matamko hulipitia mbali: muda. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Uingereza na Ufaransa ziliuridhia mapema. Tanzania nayo ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado kwa wafanyakazi wengi wa Ulaya likizo hiyo ni hadithi. Katika majimbo mengi ya Ujerumani mfanyakazi ana siku tano kwa mwaka; katika jimbo la Bavaria hana hata moja kwa sheria ya namna hiyo. Siku tano zinatosha kujifunza kutumia mashine ya kunakili. Hazitoshi kumgeuza mtunza vitabu kuwa mhasibu.

Sweden imeonyesha kwamba linalosemwa kuwa haliwezekani linawezekana. Tangu mwaka 1975 mfanyakazi wa huko ana haki ya kisheria ya kupewa ruhusa akasome na kurudi kazini kwake. Mwaka 2022 ikaongezwa hatua kubwa: mtu aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa anaweza kusoma hadi wiki 44 huku akipata hadi asilimia 80 ya mshahara wake, ndani ya kikomo kilichowekwa. Maombi yalimiminika mpaka ofisi inayohusika ikazidiwa. Wako wanaoitumia habari hiyo kudai kwamba mpango umeshindwa. Sisi tunasema kinyume chake. Foleni ndefu mbele ya kisima si ushahidi kwamba watu hawataki maji.

La kufanya ni lipi?

Mwaka 2008 Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Ulaya ilitoa Hati ya Elimu ya Maisha Yote, yenye ahadi kumi za vyuo na kumi za serikali. Ahadi ni deni. Si lazima ziandikwe nyingine. Zilizopo zilipwe, na zilipwe kwa namna hii.

Kwanza, fedha za umma zinazopewa chuo kikuu zihesabu mwanafunzi wa jioni, wa wikiendi na wa masafa sawa na wa mchana, krediti kwa krediti. Maadamu chuo kinalipwa kwa ajili ya kijana na kinatakiwa kijitafutie fedha kwa ajili ya mtu mzima, kitaendelea kumpa kijana ukumbi na mtu mzima uani.

Pili, mhadhiri anayefundisha wafanyakazi asihesabiwe kuwa amepoteza muda. Leo kupandishwa cheo katika vyuo vingi kunategemea zaidi maandishi ya utafiti. Yule anayetumia jioni zake kuwafundisha wauguzi na walimu hupigwa pambaja kwa maneno, kisha cheo hupewa mwingine. Mtu hawezi kudai kwamba kazi fulani ni msingi wa chuo huku akiwaadhibu wanaoifanya.

Tatu, kila saa ya mafunzo ambayo dola au chama cha taaluma kinamlazimisha mtu kuitumia ipangwe pamoja na chuo kikuu tangu mwanzo, ili ikipimwa na kufaulu iingie katika krediti. Na anayeomba ujuzi wake utambuliwe apewe mshauri wa kumwongoza, apimwe kwa kutenda na kwa mahojiano, siyo kwa jalada pekee.

Nne, Mkataba Namba 140 utekelezwe kwa sheria yenye meno, na gharama yake igawanywe kati ya mwajiri na dola. Bila muda, yote tuliyoyataja juu ni chakula kilichopakuliwa mbele ya mtu aliyefungwa mikono.

Turudi sasa kwetu, tulikoanzia. Taasisi yetu ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere, na Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilianza kwa kumkaribisha mtu aliyekwisha kufanya kazi. Mwanzo wetu, basi, haukuwa wa kumwonea haya mwanafunzi mwenye mvi. Kesho au keshokutwa italetwa mipango mipya kutoka Ulaya, yenye maneno ya krediti, vyeti vidogo na mifumo ya sifa. Itasomwa ofisini na wewe mtumishi, na itatekelezwa darasani na wewe mwalimu. Usiipokee kwa magoti, wala usiikatae kwa chuki. Iulize maswali matatu tu: mfanyakazi atasoma saa ngapi, nani atalipa, na anayoyajua tayari yatahesabiwaje? Mpango unaojibu maswali hayo unastahili kusikilizwa. Usioyajibu ni tamko jingine, na matamko Ulaya imekuwa nayo tele tangu mwaka 1996.